Ekstensheni yako iache Lanet

SWALI: Fundi, habari ya kazi? Naishi Lanet, hapa Nakuru. Dada yangu aliye Atlanta ametulipia safari ya wiki moja kwa meli ya kitalii, kutoka Miami kuelekea visiwa vya Karibi, kusherehekea miaka sabini ya mama yetu. Tutalala wanne katika kabini moja: mimi, mama na watoto wangu wawili. Tuna simu nne, tableti mbili, kipimo cha presha cha mama, na mashine ya CPAP anayovaa usiku ili apumue vizuri. Nasikia kabini nyingine zina soketi mbili tu. Nina ekstensheni nzuri ya soketi sita, yenye kinga ya stima ikipanda ghafla. Niliinunua baada ya televisheni yetu kuungua. Dada anasema wataninyang'anya nikiingia nayo. Kwa nini wakatae kifaa cha usalama? Na nikiiacha, tutachaji vipi?

JIBU: Dada yangu wa Lanet, salama kabisa. Mpe mama shikamoo yangu, na umpe hongera za sabini.

Dada yako amesema kweli. Hiyo ekstensheni iache nyumbani. Lakini swali lako ni la haki, na wasafiri wengi huambiwa tu "ni sheria ya meli" wakanyamaza, kisha wakaenda kutafuta njia ya kuificha kwenye sanduku. Nilifanya kazi ya umeme melini kabla ya kurudi Kisumu, kwa hiyo nitakueleza kilicho nyuma ya sheria hiyo. Ukishaielewa hutatamani hata kuijaribu. Kisha tutapanga jinsi nyinyi wanne mtakavyochaji, na mashine ya mama tutaipa nafasi yake, kwa sababu hiyo ndiyo inayonishughulisha zaidi katika barua yako.

Tuanze na stima ya kwenu. Inayopita kwenye mita yako ina nyaya mbili za kazi, laivu na nyutro, pamoja na waya wa ardhi ambao mafundi huuita athi. Nyutro imefungwa ardhini kule kwenye transfoma, kwa hiyo karibu haina nguvu ya kumpiga mtu. Volti 240 zote ziko kwa laivu. Ndiyo maana fundi akija kwako na testa, akiichomeka kwenye matundu ya soketi, taa yake ndogo huwaka kwenye tundu moja tu. Ndiyo maana pia swichi ya ukutani hukata waya mmoja: laivu ikishakatwa, waya uliobaki hauna madhara.

Stima yetu nayo tunaijua. Inapotea, inarudi kwa kishindo, friji inanguruma, televisheni inazimika isiwake tena. Ukija huku ziwani, au ukipanda kuelekea Kakamega na Kisii, ongeza radi za alasiri. Mtu anayenunua ekstensheni yenye kinga, au kile kikinga cha friji ambacho wengi hukiita gadi, anafanya jambo la busara. Sikulaumu hata kidogo.

Ndani ya ekstensheni ya aina hiyo kuna vidonge vidogo vya kauri vilivyotengenezwa hasa kwa oksidi ya zinki. Vinaitwa varista. Volti zikiwa za kawaida, varista haipitishi kitu. Volti zikiruka, inafunguka na kumwaga ile ziada kwenye nyutro au kwenye waya wa ardhi kabla haijafika kwenye televisheni. Lakini kila inapofanya kazi hiyo inazeeka kidogo, na kwa nje hutaona dalili. Ikizeeka sana, inaanza kuvujisha stima hata volti zikiwa sawa, na stima inayovuja ndani ya kidonge hugeuka joto. Joto linaifanya ivujishe zaidi, na kuvuja kunaongeza joto. Mafundi wa vifaa hivi wanaiogopa hali hiyo hata katika nyumba za kawaida, ndiyo maana ekstensheni bora huwekewa fyuzi ya joto pembeni ya varista. Zile za bei rahisi nyingi hazina.

Sasa tuingie melini. Huko mambo yamegeuzwa, na yamegeuzwa kwa makusudi. Katika meli nyingi hakuna waya wa kazi uliofungwa kwenye chuma cha meli. Nyaya zote mbili zinazofika kwenye soketi yako zina nguvu. Soketi ikiwa ya volti 110, kila waya una takriban nusu ya hizo ukilinganishwa na chuma cha meli. Na kwenye soketi ya 220, ile testa ya fundi wako inaweza kuwaka kwenye matundu yote mawili. Zipo meli mpya ambazo sehemu ya abiria imepangwa kwa namna inayokaribia ya nyumbani, lakini abiria hawezi kuijua tofauti hiyo kwa kutazama soketi ukutani.

Kwa nini wajenge hivyo? Kwa sababu meli haiwezi kukubali kuzimika ovyo. Fikiria inaingia mlango mwembamba wa bandari usiku, na waya mmoja wa mota ya usukani unachunika na kugusa chuma. Kwa mpangilio wa nyumbani, saketi breka ingekata papo hapo, na nahodha angebaki na meli isiyogeuka. Kwa mpangilio wa melini, hitilafu hiyo ya kwanza haikati chochote. Stima iliyogusa chuma haina njia ya kurudi ilikotoka, kwa hiyo mota inaendelea kuzunguka. Kinachotokea ni kwamba kipimo maalumu kwenye chumba cha mitambo kinaonyesha kuwa kuna waya umegusa chuma, kengele inalia, na fundi wa umeme anaamshwa.

Kazi ya kuitafuta hitilafu hiyo naijua vizuri. Unasimama mbele ya ubao wa saketi na mwenzako anatazama kipimo. Unazima saketi moja, unamuuliza kama mshale umepanda. Haujapanda, unaiwasha, unahamia nyingine. Jikoni, dobi, taa za sitaha, pampu, safu ya kabini za upande wa kulia, safu ya kushoto. Mara nyingi chanzo ni unyevu: sanduku la taa la nje limeingia maji ya chumvi, au jiko kubwa limesafishwa kwa mpira wa maji. Unaweza kuipata kwa dakika chache, na unaweza kukesha. Muda huo wote abiria wamelala, taa zinawaka, hakuna anayejua kuna tatizo. Mfumo umefanya kazi yake sawasawa.

Lakini angalia kilichotokea kwenye soketi za kabini zilizo kwenye mtandao huohuo wa nyaya. Waya mmoja umegusa chuma. Basi ule wa pili, uliokuwa na nusu ya nguvu dhidi ya chuma, sasa una nguvu yote. Na kama mguso wenyewe ni wa kuachia na kushika, wa cheche cheche, volti kati ya waya huo na chuma zinaweza kurukaruka juu ya kiwango cha kawaida. Sasa, varista za ekstensheni yako zimefungwa wapi? Baadhi yake ziko kati ya nyaya za kazi na waya wa ardhi, na waya wa ardhi melini ni kile chuma cha meli. Kwa hiyo vidonge vilivyoundwa kumeza mruko wa sehemu ndogo sana ya sekunde vinakaa chini ya mzigo kwa saa nzima, au usiku kucha, mpaka fundi apate hitilafu. Kidonge kilichozeeka hakitastahimili. Kitachemka ndani ya plastiki, nyuma ya meza, karibu na pazia na godoro.

Jambo la pili ni swichi. Ekstensheni nyingi zina swichi na kikatizo kinachokata waya mmoja tu, kwa imani kwamba wa pili ni nyutro. Melini wa pili una nguvu. Kifaa kikipata joto, kikatizo kikikata upande mmoja, upande wa pili unaendelea kuisukumia stima ile varista inayovuja kwenye chuma. Taa ya ekstensheni imezima, wewe unaamini imekufa, na ndani joto linaendelea.

Haya hayakutoka vitabuni tu. Mwaka 2013 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari rasmi kwa wenye meli baada ya moto kutokea mara mbili tofauti kwenye kabini za meli moja ya mizigo. Chanzo cha mioto yote miwili kilikuwa ekstensheni za kawaida zenye kinga ya mruko wa umeme, zilizonunuliwa dukani na kuchomekwa kwenye soketi za meli. Mioto hiyo iliwahiwa na kuzimwa bila hasara kubwa. Tahadhari ile ilieleza sababu hiyohiyo ninayokueleza: nyaya zote mbili zina nguvu, na kifaa kimeundwa kwa mfumo wa nchi kavu.

Kuhusu moto melini naomba uniruhusu nikae kidogo. Nakuru nyumba ikishika moto, majirani wanatoka, mnasimama barabarani, gari la zimamoto la kaunti linaitwa. Baharini hakuna barabara ya kusimama. Wanaozima ni mabaharia walewale waliokuhudumia mezani na kutandika kitanda chako, wamefunzwa kwa hilo, na moshi hujaa haraka kwenye korido nyembamba. Machi 2006 meli ya kitalii ya Star Princess ilishika moto usiku ikielekea Jamaika. Inadhaniwa kilichoanzisha ni kipande cha sigara kwenye roshani moja. Zaidi ya kabini mia moja ziliharibika, na abiria mmoja alikufa kwa moshi. Huku kwetu, meli ya kitalii ya Achille Lauro iliungua karibu na pwani ya Somalia mwishoni mwa mwaka 1994 na kuzama. Watu wanaoendesha meli hizi wanayabeba mambo hayo kichwani. Mlinzi anapotoa ekstensheni kwenye sanduku lako, anakulinda wewe na mama yako, na wengine elfu kadhaa waliolala kwenye chombo hicho hicho.

Tena, kile unachokihofia nyumbani melini hakipo kwa namna ile. Hakuna nguzo za stima za kupigwa na radi, hakuna transfoma ya mtaa inayolipuka mvua ikinyesha. Meli inazalisha stima yake yenyewe, na kuna mafundi wanaoichunga usiku na mchana. Ipo mitikisiko midogo mota kubwa zinapowashwa, lakini chaja ya kisasa imeundwa kuvumilia upana mkubwa wa volti. Igeuze chaja ya simu yako usome maandishi madogo. Ukiona "100-240V, 50/60Hz", chaja hiyo iko tayari kwa Nakuru na kwa Miami bila msaada wowote.

Utauliza: basi nikitafuta ekstensheni isiyo na kinga? Hapo kampuni zinatofautiana. Carnival imekuwa ikiruhusu zisizo na kinga ya mruko, mradi zitumiwe kwa uangalifu. Royal Caribbean mwaka 2024 ilibadilisha msimamo na kukataza ekstensheni zote na plagi za kuzidisha soketi, ziwe na kinga au zisiwe nayo. Sheria hizi hubadilika bila kelele, kwa hiyo mwambie dada yako afungue orodha ya vitu vilivyokatazwa ya kampuni yenu mwenyewe, wiki chache kabla ya safari, asitegemee aliyesafiri mwaka juzi. Kilichokatazwa huonekana kwenye mashine ya kukagua mizigo bandarini. Mara nyingi sanduku huzuiliwa, unaitwa ofisi ya ulinzi uje ulifungue, na kifaa huwekwa hadi siku ya kushuka.

Maoni yangu mimi ni kwamba hata pale wanaporuhusu, usibebe. Plagi yako ya pini tatu nene za Kenya haiingii kwenye soketi za meli za Karibi. Huko utakuta soketi ya Kimarekani ya pini bapa, volti 110, na mara nyingi ya Ulaya ya pini mbili za mviringo, volti 220. Ili ekstensheni yako iingie utaifunga kwenye adapta ndogo, na hizo adapta za pini mbili nyingi zinapoteza kabisa waya wa ardhi. Kisha mzigo wa soketi sita unapita kwenye kijiplastiki kimoja kilicholegea ukutani. Nimeziona adapta za namna hiyo zimebadilika rangi kuwa kahawia.

Hesabu ndogo itakusaidia hapa. Nguvu ni volti mara ampia. Kikausha nywele cha wati 1,800 kwa volti 240 kinavuta ampia 7.5, nguvu ileile ikitafutwa kwa volti 110, ampia zinafika 16. Na joto la waya halipandi sambamba na ampia: ampia zikiongezeka mara mbili, joto linakuwa mara nne. Waya mwembamba ambao nyumbani unaonekana mzima unaweza kuchemka kwenye soketi ya 110.

Vifaa vyenu vya kuchaji, kwa upande wake, ni vidogo mno. Simu nne kwa wati 20 kila moja ni wati 80. Tableti mbili, wati 40. CPAP nyingi zina adapta ya wati 65 hadi 90. Vyote vikichajiwa kwa pamoja mko karibu wati 210, yaani ampia mbili tu kwenye soketi ya 110. Tatizo lenu ni uhaba wa matundu, na matundu yanaongezwa kwa chaja yenye milango mingi ya USB.

Kwa hiyo nunua hivi. Chaja moja yenye milango minne ya USB, angalau miwili ikiwa ya lile umbo jipya la mviringo (USB-C), yenye plagi ya Kimarekani. Dada yako anaweza kuinunua Atlanta na kuwakabidhi mkifika, na hapo hutahitaji adapta. Chaja ya pili ndogo iwe na plagi ya pini mbili za mviringo, uichomeke kwenye soketi ya 220. Hiyo utaipata hapa nchini. Hakikisha zote mbili zinaandikwa 100-240V, na ziwe zile zinazokaa ukutani moja kwa moja, bila kebo ndefu na bila soketi za kawaida ubavuni, kwa maana kifaa chenye soketi ubavuni kitahesabiwa kuwa ekstensheni. Soma boksi lote. Ukiona neno "surge", au namba inayofuatwa na herufi J au neno "joules", rudisha kwenye rafu. Baadhi ya zile adapta za nchi zote zinazouzwa madukani zina kinga hiyo ndani na muuzaji hajui. Usinunue chaja ya mia mbili kwenye meza ya barabarani kwa safari hii. Chaja bandia ni hatari yake yenyewe, na kabini huenda ikawa na dirisha lisilofunguka.

Kabla hamjachomeka chochote, muulize mhudumu wa kabini soketi zote ziko wapi. Ukimya wa wageni kwenye jambo hili hunisikitisha, maana mara nyingi ipo moja nyuma ya televisheni, au kando ya kitanda, na meli mpya zina milango ya USB karibu na mto. Ila usichomoe kilichochomekwa na meli. Kwenye bafu utakuta kisoketi kilichoandikwa ni cha mashine ya kunyolea ndevu. Hicho kina transfoma ndogo sana nyuma yake. Simu isiwekwe hapo.

Mengine ni utaratibu wenu. Tableti zichajiwe mchana mkiwa kabini mnapumzika, simu jioni mnapojiandaa kwenda kula, na usiku soketi iliyo karibu na mama iwe ya mama peke yake. Watoto wasilale na simu zinazochajiwa chini ya mto. Betri ya lithiamu inahitaji hewa, na mto unaizuia. Weka simu juu ya meza, sehemu ngumu iliyo wazi. Simu ikivimba mgongo au ikichemka isivyo kawaida, ichomoe na umwite mhudumu hapo hapo, hata kama ni saa nane za usiku. Hatakasirika. Amefundishwa cha kufanya na ataona umewasaidia. Kipimo cha presha cha mama huenda kinatumia betri za kawaida. Beba seti mpya, hakitahitaji soketi.

Sasa CPAP. Hii isisubiri mfike bandarini. Mwambie dada yako aipigie kampuni ya meli simu mapema, mwezi au zaidi kabla ya safari, aulize kitengo kinachoshughulikia abiria wenye mahitaji ya kiafya. Aseme mambo matatu: abiria fulani analala na CPAP, anahitaji soketi karibu na kitanda, na anahitaji maji yaliyotoneshwa (distilled water) kwa ajili ya kile kitangi cha unyevu. Kampuni nyingi huweka ombi hilo kwenye rekodi ya kabini, na kama soketi iko mbali, meli yenyewe hutoa ekstensheni iliyokaguliwa na mafundi wake. Hiyo ndiyo ekstensheni pekee ambayo ningetaka iwe kando ya kitanda cha mama. Omba jibu kwa maandishi, mlichapishe mbebe.

Kinga ya pili ni kebo. Ile inayotoka ukutani kwenda kwenye adapta ya CPAP huchomoka, na inauzwa pia yenye urefu mkubwa zaidi na plagi ya Kimarekani. Huo ni waya wa mashine yenyewe, hauna soketi mwishoni. Mwombe dada yako amletee. Pitisheni waya huo kando ya ukuta, sio katikati ya njia ambapo mama atajikwaa akiamka usiku meli ikiyumba. Na jaribuni mashine mchana wa kwanza. Katika meli nyingi kuna kitundu cha kadi mlangoni kinachozima taa kadi ikitolewa, na pengine soketi fulani nazo. Jueni mapema kama soketi ya mama inategemea kadi hiyo, ili asije mmoja wenu akatoka nayo alfajiri kwenda kutazama jua na kuizima mashine.

CPAP isiingie kwenye sanduku linaloenda chini ya ndege, wala siku ya kupanda meli msimpe mpagazi. Masanduku yanayokabidhiwa bandarini huweza kufika kabini jioni sana. Iwe mkononi, pamoja na dawa na barua ya daktari.

Pawabenki nayo ni mkononi tu ndani ya ndege. Kikomo cha kawaida ni saa-wati (Wh) 100 bila kuomba ruhusa. Yako ikiandikwa mAh, zidisha kwa 3.7 kisha ugawanye kwa 1,000: ya 20,000 ni saa-wati 74, inapita, ya 30,000 ni 111, na hiyo inahitaji kibali cha shirika la ndege. Mkipitia Dubai na Emirates, tangu Oktoba 2025 hawaruhusu kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege, ingawa unaweza kuibeba moja. Melini itawafaa sana siku za kushuka visiwani, kwa hiyo moja nzuri kwa familia inatosha.

Vya kuchemsha msibebe kabisa: pasi, birika la umeme, ile koili ya kuchemshia maji ya kuoga. Vyote vinakatazwa, na birika la Kenya kwenye volti 110 lingetoa kama sehemu moja ya tano tu ya nguvu yake. Ikiwa mama ana hamu ya chai yake, abebe majani ya Kericho kwenye pakiti iliyofungwa. Maji ya moto hupatikana kwenye ukumbi wa chakula karibu wakati wote. Kikausha nywele kipo kabini katika meli nyingi. Kuhusu pasi ya nywele, angalieni ile orodha, kwa sababu wengi huiruhusu lakini si wote.

Na mkiwa Miami, mtaona vikausha nywele na pasi za nywele vya bei nzuri, na mtashawishika kuvinunua vya kuja navyo. Geuzeni msome. Kikiandikwa 120V peke yake, kikichomekwa kwenye 240 ya Lanet kitavuta mara nne ya nguvu kilichoundiwa na kuungua muda huohuo, na adapta ya pini haitakisaidia kwa sababu haibadilishi volti. Chukueni kilichoandikwa 100-240V, au chenye swichi ya 120/240, na hiyo swichi muigeuze kabla ya kukichomeka nyumbani.